Asubuhi ya Mektilda Mjini Kisumu

Mektilda binti Malimi aliondoka Dutwa, kijijini kwao Tanzania, mwezi wa nane wa mwaka sabini na sita, mkono wake wa kulia umefungwa kitambaa cheupe, na watu waliomwona pale kituo cha basi walimpa pole wakidhani ameungua. Hakuwa ameungua. Katika kiganja kile alikuwa amebeba msamaha wa baba yake, anaupeleka Kisumu kwa mdogo wake Wilhelmina. Ninayotaka kuwasimulia ni jinsi msamaha ule ulivyopotea njiani, tena ukapotea kwa kicheko.

Tuanze na mzee Malimi mwenyewe. Mzee huyu alikuwa na mabinti wawili tu, na yule mdogo ndiye aliyekuwa tunda la roho yake. Mwaka wa sitini na tisa Wilhelmina alikwenda kumtembelea shangazi yake Malampaka, kule treni inakopita, na huko akaonana na Joakim, kijana wa Kijaluo kutoka Kenya aliyekuwa akifanya kazi ya reli. Haikupita miezi mitatu, akapanda treni pamoja naye, bila kuaga na bila ng'ombe hata mmoja kuingia zizini kwa baba yake. Habari zilipofika nyumbani, mzee alisimama mlangoni pa zizi, watu wakimsikia, akasema, "Mkono wake usishike tena kitu cha kwangu." Kwa miaka saba hakulitaja tena jina lile.

Katika ukoo wao, neno la namna hiyo halifutwi kwa kujuta peke yake. Aliyelitoa sharti achote maji yenye unga wa mtama, ayaweke kinywani, ampulizie viganjani yule aliyemtamkia. Na kama mwenyewe yuko mbali, hupuliziwa ndugu yake wa tumbo moja, kiganja cha kulia. Ndugu huyo huufunga mkono, asimpe mtu yeyote mpaka afike. Mtu wa kwanza kuupokea mkono ule, huyo ndiye amesamehewa.

"Kwa nini tusimwandikie barua, baba?" Mektilda alimuuliza siku ile mzee alipomwita kitandani.

"Barua inashikwa na watu wangapi kabla yake?" mzee akasema. Kifua kilikuwa kimemkaba tangu masika, lakini ulimi ulikuwa mzima. "Karani wa posta atakuwa amekwisha kusamehewa mara ngapi?"

Akampulizia. Yale maji yalikuwa ya uvuguvugu, na Mektilda alihisi chembe za unga zikibaki kwenye mistari ya kiganja. Mzee akamwambia, "Ukirudi uniambie tu kwamba umempa. Nikisikia hivyo, basi."

Kuondoka hakukuwa rahisi. Mwaka uliotangulia walikuwa wamehamishwa kutoka kwenye makazi yao ya zamani, wakaletwa katika kijiji kipya, nyumba zimepangwa kwa mistari kama matuta ya pamba. Huwezi kutoka bila barua ya ruhusa. Balozi wa nyumba kumi, Mayala, alikuwa mtu mwema, lakini aliipenda kazi yake.

"Unakwenda wapi?"

"Kisumu, kwa mdogo wangu."

"Unarudi lini? Na pamba yako nani ataichambua?"

"Bundala ataichambua."

"Bundala mumeo huyu huyu ninayemjua?" Mayala akacheka. "Haya. Siku sita. Ya saba nisikute nyumba yako haina moshi."

Muwaelewe vizuri watu wa kijiji kile, hawakuwa wabaya. Lakini Mektilda alikuwa na miaka thelathini na sita, na hakuwahi hata siku moja kutembea hatua mia bila kuulizwa anakwenda wapi. Kengele, ambayo ilikuwa kipande cha reli kilichotundikwa mtini, ililia asubuhi kwenda shamba la kijiji, ikalia mchana kutoka. Njiani kila mtu ni *mwangaluka*, salamu ya kwao ya asubuhi, na baada ya *mwangaluka* unaulizwa wewe ni wa kwa nani, na unajibu, binti Malimi, mke wa Bundala. Ndiyo heshima yenyewe. Naye aliipenda heshima hiyo, kama mtu anavyokipenda kiatu ambacho hajawahi kukivua akaona mguu ulivyo.

Basi likampeleka Mwanza, na meli ikamvusha ziwa usiku kucha. Saa moja asubuhi akateremka Kisumu. Mfukoni mwa gauni alikuwa na barua ya Wilhelmina iliyomwelekeza nyumba ilipo, jirani na stesheni ya reli. Mwisho wa barua Wilhelmina aliandika: "Asubuhi mimi nafua nguo kwa Wahindi, nyumba nafunga. Njoo saa saba, dada, nitakuwa nimepika." Na meli ilikuwa irudi saa kumi na mbili jioni ile ile, wala nyingine isingekuwapo mpaka wiki ijayo.

Kwa hiyo tangu saa moja mpaka saa saba Mektilda hakuwa na la kufanya. Alisimama nje ya lango la bandari, na kwa muda alingoja, maana alizoea kwamba mtu atatokea amuulize. Hakutokea mtu. Wachukuzi walimpita, baiskeli zikampita. Mzee mmoja mwenye kofia alimtazama kama unavyotazama ukuta, akaenda zake. Akagundua kwamba akigeuka kushoto ni sawa, na akigeuka kulia ni sawa pia. Akageuka kushoto.

Hapo ndipo ilipoanza asubuhi ambayo hakuisahau tena.

Alitembea upande wa kivuli, kisha akahamia upande wa jua kwa kuwa alitaka tu. Akafika kwenye mnara wenye saa, akauzunguka, akakuta saa iko pande zote, akacheka peke yake kwamba watu wa mji huu hawana pa kujificha na saa. Akamwona mwanamke mwenye mwavuli wa bluu na mwendo wa maringo, akamfuata mitaa mitatu bila sababu yoyote, kwa kuupenda ule mwavuli tu. Mwanamke alipoingia kwenye jengo moja, Mektilda alimuaga kimoyomoyo, akachukua njia nyingine.

Akaingia duka la baiskeli. Akauliza bei ya kengele. Muuzaji akamtajia. Akaipiga kengele mara moja, ikalia sauti nzuri kuliko ya Mayala na kipande chake cha reli. Akaipiga tena.

"Unanunua, mama, ama unajaribu masikio yetu?" muuzaji akamuuliza.

"Najaribu," akasema, akatoka. Na barabarani alijishangaa, maana kwao Dutwa asingethubutu. Angethubutuje, na jioni habari ingekwishafika kwa Bundala kwamba mkeo ameonekana anachezea kengele.

Akaona duka ambalo halikuuza kitu ila vifungo. Vifungo vya kila rangi, kwenye chupa, kutoka sakafuni hadi darini. Alisimama pale muda mrefu, akachagua kwa macho vifungo vya magauni ambayo hana. Akapita stendi ya mabasi, makondakta wakiita majina ya miji, Kericho, Kakamega, Busia, naye akasikia jinsi kila jina lilivyo mlango, kwamba angeweza kupanda lolote. Hakutaka kupanda. Alitaka tu kusimama mahali ambapo angeweza. Akakaa kwenye ngazi za kanisa fulani akasikiliza watu wakipita na lugha asizozijua. Kwa kutoelewa neno hata moja, akapumzika. Hakuna aliyemjua ni binti nani. Mara moja alijiuliza kimchezo, "Wewe ni wa kwa nani?" na jibu halikuja upesi, akaona raha.

Msimwone mjinga. Kila baada ya muda aliutazama mkono wake uliofungwa, na kila mara aliitazama saa ya mnara. Alijua alichokuja kufanya. Tena alifurahi zaidi kwa sababu alijua: asubuhi ilikuwa yake, na mchana ungekuwa wa Wilhelmina, na vyote viwili vingetosha katika siku moja.

Saa sita njaa ikambana. Akaingia sokoni, akafuata harufu mpaka kwa mwanamke mnene mwenye karai la mafuta, anakaanga samaki. Jina lake Asumini, na kila aliyepita alimwita hivyo kwa sauti. Mektilda akakaa kwenye benchi, akaomba samaki mmoja na ugali.

Asumini akauona mkono. "Hina hiyo?" akauliza. "Bibi harusi wa umri huu? Basi na mimi nina matumaini."

"Si hina."

"Umeungua?"

"Hapana. Umefungwa tu."

"Mkono umefungwa tu," Asumini akamwambia samaki aliyekuwa akimgeuza. "Haya. Utakula na mguu?"

Mektilda akafikiri. Kula kwa mkono wa kushoto mbele ya watu hakuweza, hata mjini ambapo hakuna anayemjua. Na kula si kumpa mtu mkono. Akakifungua kitambaa, akakikunja, akakitia mfukoni, akanawa ncha za vidole tu, kwa uangalifu, akala. Samaki alikuwa mtamu, na pilipili ilimtoa machozi.

"Wewe ni wa Tanzania," Asumini akasema. "Nakusikia. Ni kweli huko mnakula unga wa njano wa Wamarekani?"

"Tulikula ule mwaka wa njaa. Mwaka huu tuna wetu."

"Na mume unaye?"

"Ninaye."

"Anajua uko hapa?"

"Anajua niko kwa mdogo wangu."

"Na mdogo wako anajua uko hapa?"

"Anajua niko njiani."

Asumini akashika kiuno. "Basi hapa ulipo hakuna anayekujua ila huyo samaki."

"Na samaki nimeshamla," Mektilda akasema.

Asumini alicheka mpaka benchi likatikisika. Mektilda naye akacheka, kicheko kilichotoka chini kabisa, mahali ambapo kengele na mistari ya nyumba havikuwahi kufika. Na kama wanawake wafanyavyo wakichekeshana, Asumini alinyoosha kiganja hewani, na Mektilda akakigonga.

Mlio wake ulikuwa kama wa kofi. Kicheko cha Mektilda kikakatika katikati.

Aliutazama mkono wake. Ulikuwa na mafuta ya samaki. Asumini alikuwa bado anajifuta macho kwa kanga, anamwita jirani aje asikie kichekesho. Miaka saba ya hasira ya mzee Malimi, maji ya mtama, kifua kilichokaba, vyote vilikuwa vimeingia kwa mkaanga samaki wa Kisumu ambaye hakuwa na kosa lolote.

"Nini? Umemeza mfupa?" Asumini akauliza.

"Hapana. Asante, mama." Akalipa, akaondoka.

Saa saba alikuwa kwenye kona ya nyumba za reli. Aliiona nyumba, ya tatu, mlango wa kijani kama barua ilivyosema. Mlango ulikuwa wazi na moshi wa jiko ulitoka uani. Kisha Wilhelmina akatoka. Amenenepa kidogo, amejifunga kitenge kipya, si cha kuanikia nguo. Alianika shuka, akatazama barabarani upande wa stesheni, akarudi ndani. Baada ya muda akatoka tena, akatazama tena.

Mektilda alisimama nyuma ya kibanda cha muuza magazeti. Kwa hatua hamsini angefika. Lakini alijiuliza, nikimpa mkono nimempa nini? Nimempa mkono mtupu, nami nitamdanganya kwa ngozi yangu mwenyewe, na huo mkono mtupu ndio utakaokuwa wa kwanza. Nitakuwa nimeuziba mlango. Ni afadhali nirudi, baba anipulizie tena, nije na meli nyingine. Mwezi ujao. Baada ya pamba. Ndivyo alivyowaza, na kwa mtu wa ukoo wake hayakuwa mawazo ya kipumbavu. Alikaa pale mpaka saa tisa, Wilhelmina akitoka na kuingia. Mara ya mwisho alipotoka, aliianua ile shuka, akakaa kizingitini.

Mektilda akarudi bandarini kwa njia ile ile aliyojia. Alipita duka la vifungo bila kuliona.

Alipofika nyumbani siku ya tano, mzee Malimi alikuwa amelazwa karibu na moto, macho makubwa, na watu wamejaa. Alipomwona alinyanyua kidole. "Umempa?"

Mektilda alikuja na maneno yake tayari: baba, naomba maji mengine. Lakini alipouona ule uso, uliokuwa umengoja jibu moja tu ili upumzike, maneno yakagoma.

"Nimempa, baba," akasema.

"Alisemaje?"

"Alilia."

Mzee akafumba macho. Alikufa kesho yake kabla ya kengele ya asubuhi, na watu wote walisema amekufa kifo chepesi.

Barua ya Wilhelmina ilikuja mwezi wa kumi na mbili. Haikuwa ndefu. "Dada, nilipika kuku. Nilikungoja mpaka nikasikia honi ya meli. Natumaini ulipata dharura na si ugonjwa." Mektilda alianza kumjibu mara tatu, na mara tatu akachana. Mambo kama yale, alijiambia, husemwa uso kwa uso. Atakwenda mwezi wa pili. Mwezi wa pili wa mwaka sabini na saba mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa, meli hazikwenda tena Kisumu, na mwaka ule ule Jumuiya ikavunjika. Redioni walieleza sababu zao. Mektilda aliyasikiliza yale akichambua pamba, akaona kwamba wakubwa nao wanajua kukaa nyuma ya kibanda wakitazama mlango ulio wazi.

Miaka ikapita, saba mingine. Jioni, wanawake wa mstari wake walipokusanyika kubangua karanga, walimwomba awasimulie Kisumu, naye aliwasimulia. Mwavuli wa bluu, duka la vifungo, kengele ya baiskeli. Alisimulia vizuri, waliona kama wamefika. Kila mara aliishia kwenye ngazi za kanisa. "Halafu?" walimuuliza. "Halafu nikaenda kwa mdogo wangu, nikarudi," alijibu, akaomba apewe kikapu kingine.

Mpaka ulipofunguliwa, alingoja mavuno, kisha mwaka wa themanini na nne akapanda basi kupitia Musoma na Sirari. Mlango wa kijani ulikuwa umepakwa kijivu na ulifunguliwa na mgeni. Mektilda alimkuta Joakim kwenye karakana ya reli, nywele zake zimeingia mvi. Joakim alimtambua kwa sura iliyofanana na ya mkewe, akavua kofia.

"Shemeji," akasema, "umechelewa. Mama watoto alitutoka mwaka wa themanini na moja. Homa, siku nne tu."

Mektilda akakaa juu ya rundo la mataruma ya reli. Akamweleza yote pale pale, maji, kiganja, samaki. Joakim alisikiliza akiizungusha kofia mikononi.

"Yeye hakujua kuna msamaha," akasema mwishoni. "Hukumwandikia hilo. Alijua anakuja dada yake, basi. Hakungoja mkono una nini. Alikungoja wewe."

Hakusema kwa ukali. Angesema kwa ukali ingekuwa nafuu.

Kaburi lilikuwa kwao Joakim, Kajulu, chini ya vilima, mwendo wa saa mbili kwa miguu. Alimwelekeza njia, maana zamu ilikuwa haijaisha. Lakini Mektilda hakwenda Kajulu moja kwa moja. Alikwenda sokoni.

Benchi lilikuwa jipya, karai lile lile. Asumini alikuwa amepungua mwili na kuongezeka miwani. Hakumkumbuka.

"Nalisha watu wengi, dada. Nimkumbuke nani?"

"Tuligongana mikono. Kuhusu samaki aliyenijua, nikamla."

Asumini akamtazama, akatabasamu kidogo. "Hicho kichekesho nakisema mpaka leo. Kumbe ni chako." Kisha, kwa kuwa mwenzake hakutabasamu, akauliza, "Kuna nini?"

Mektilda akamweleza kwa mara ya pili siku ile. Asumini aliugeuza mkono wake wa kulia, akakitazama kiganja chenye makovu ya mafuta.

"Mkono huu umeparua samaki miaka yote hiyo," akasema. "Umezika mume. Umepiga watoto. Sijui kama kuna kitu kimebaki."

"Sijui na mimi."

"Na mimi mzigo wa watu sikuuomba." Akaliteremsha karai motoni, akalifunika kwa sinia, akamwambia jirani amtazamie meza. "Kajulu ni mbali, na miguu yangu ni hii. Twende taratibu."

Walitoka mjini wakapita chini ya mnara wa saa. Mektilda hakuinua macho. Walipofika, kaburi lilikuwa limeota nyasi fupi, na mbuzi amefungwa karibu yake. Asumini alipiga magoti kwa shida.

"Niseme nini?"

"Usiseme kitu. Wewe mpe tu mkono."

Asumini akaweka kiganja juu ya udongo, akakibakiza pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Mektilda akaweka wake pembeni. Ulikuwa mtupu, kama ulivyokuwa siku ile nyuma ya kibanda, na udongo uliupokea vilevile.

Wakati wa kurudi jua lilikuwa likishuka mbele yao na Asumini alikuwa anachechemea. Nyumba za kwanza za mji zikaonekana.

"Nikuulize," Asumini akasema. "Siku ile, kabla hujafika kwangu. Uliupenda mji wetu?"

Mektilda alitembea hatua kadhaa. Kwa miaka minane alikuwa amejaribu kuichukia ile asubuhi, na mwavuli wa bluu ulikuwa bado unapita mbele yake, bluu vile vile.

"Niliupenda," akasema. "Mno."

Na akalia kwa ajili ya hilo.